Nilipeleka watoto 13 kuona Cranes wakijinoa, tukaishia getini

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, kibanda changu kiko Katwe, Kampala, na jioni nawafundisha mpira watoto wa Nsambya. Kufundisha ni neno kubwa. Nina mipira 2, mmoja umeshonwa mara tatu, nina filimbi, na nina koo. Likizo ya mwaka jana nilitaka kuwaonyesha mazoezi ya Cranes, timu ya taifa ya Uganda, nikapoteza shilingi 330,000 kwa siku moja, nyingi zikiwa za wazazi wa hao watoto, kwa jambo ambalo lingenigharimu barua moja na subira ya wiki mbili. Kama nawe nyumbani kwako kuna mtoto anayekung'ang'ania "tupeleke kambini tukawaone", nisikilize kwanza.

Kosa langu kubwa halikuwa la pesa. Nilidhani mambo yako vilevile nilivyoyaacha utotoni.

Nilizaliwa 1984 katika kambi ya polisi ya Nsambya. Baba alikuwa sajenti, Mteso. Jirani wa upande huu Mlugbara, wa upande ule Mwacholi, na lugha ya kugombea foleni bombani ilikuwa Kiswahili. Villa Park haikuwa mbali nasi. Klabu ya SC Villa wakifanya mazoezi hapo, hakuna aliyetuuliza tunakwenda wapi. Tulikaa kwenye mstari wa pembeni, vidole vya miguu ndani ya uwanja, na aliyewahi kuuokota mpira uliotoka alipewa nusu chungwa na mzee wa vifaa. Majid Musisi, mshambuliaji wao, alikwenda Rennes, Ufaransa, mwaka 1992 nikiwa na miaka 8. Kusema kweli simkumbuki vizuri, lakini baba aliapa kuwa nilimtazama akijinoa nikiwa nimekaa mabegani mwake, nami nimekubali kukumbuka.

Nilipokuwa kijana Villa walichukua ubingwa mfululizo kuanzia 1998 hadi 2004, na mabingwa hao tulipanda nao taksi moja, yaani matatu ya huku kwetu. Mchezaji alitoka mazoezini njumu zikining'inia shingoni, akabanwa katikati ya mama mwenye kapu la nyanya na wewe, ukamuuliza kwa nini Jumamosi alikosa ile penalti. Alijibu. Wakati mwingine alijibu kwa hasira, lakini alijibu. Timu ya taifa nayo ilikuwa hivyohivyo kwetu: ukimjua askari wa getini, umeingia. Na sisi watoto wa kambini askari tuliwajua wote.

Basi nilipowaambia watoto wangu, Agosti 2025, kwamba nitawapeleka kuwaona Cranes mazoezini, sikuwa najisifu. Niliamini. Ilikuwa baada ya CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, tuliyoandaa pamoja na Kenya na Tanzania. Watoto walikuwa wamepagawa. Ile sare ya 3-3 na Afrika Kusini pale uwanja wa taifa wa Namboole waliiigiza upya kwenye vumbi letu kila jioni, na kila mmoja alitaka kuwa mpiga penalti. Hata baada ya Senegal kututoa kwa 1-0 kwenye robo fainali homa haikushuka. Wazazi wakaniambia, "Kocha, wapeleke." Nikasema, hilo tu?

Tulichanga shilingi 15,000 kwa kila mtoto. Watoto 13, jumla 195,000. Zilizopungua niliziba mwenyewe.

Hapo ndipo akatokea bwana mmoja kibandani. Alikuja kuulizia bei ya mlango wa chuma, amevaa jaketi la michezo lenye nembo, na simu yake haikuacha kuita. Alisikia nikizungumza na mzazi kuhusu safari, akacheka. "Siku hizi huingii hivihivi, mzee. Lazima pasi. Mimi niko na timu." Alitaka 150,000 kwa kundi zima. Niliona ni nafuu, maana alianza na 300,000 na nikajipongeza kwa kumshusha bei.

Hapa niseme jambo moja la kitaalamu kidogo. Unapotuma pesa kwa simu, kabla hujabonyeza namba ya siri, jina la anayepokea hutokea. Lilitokea jina la mwanamke. Nilimuuliza, akasema ni dada yake, laini yake mwenyewe imejaa. Laini imejaa! Mimi nachomelea mageti ya watu ili wezi wasiingie, na mwizi nimemkaribisha kwenye benchi langu akanywa chai.

Kadi zilikuja kwa simu, kama picha. Akanielekeza nizichapishe duka lolote, nizifunike kwa plastiki. Nilizichapisha. Zilipendeza. Watoto walizivaa shingoni tangu saa 2 asubuhi, na safari ilikuwa saa 8 mchana.

Tulikodi taksi kwa 120,000, kwenda na kurudi. Tulipita barabarani tukiimba. Njiani tulisimama tukanunua kikomando, yaani chapati na maharage, na soda, kwa sababu mtoto mwenye njaa hatazami mpira, anatazama wauzaji. Hiyo ilikula 60,000. Ukijumlisha unapata ile 330,000 yangu.

Getini alikuwapo askari wa kike, mtu mzima, kofia imenyooka. Nilimwendea kwa sauti ya kambini.

"Jambo afande."

"Jambo. Hawa wote ni wako?"

"Ni timu yangu, afande. Tuna pasi."

Alichukua kadi ya kwanza, akaisoma taratibu. Akachukua ya pili. Kisha akamwita mtoto wa tatu, akaigeuza kadi yake kwenye mwanga kama mtu anayekagua noti. Zote 13 zilikuwa na namba moja. Namba ileile, hadi tarakimu ya mwisho. Nilizichapisha mwenyewe, nikazikata kwa mkasi mwenyewe, na sikuiona.

"Huyu mtu," akasema, "amezaliwa mara 13."

Hakucheka. Ningependa angecheka. Aliniuliza nimelipa kiasi gani, nikamwambia, akatikisa kichwa, kisha akanivuta pembeni watoto wasisikie. Pasi ya kweli, alinieleza, hutolewa kwa jina la mtu na ina picha yake. Haitumwi kwenye simu ukachapishe dukani. Na mazoezi hayauzwi. Mechi ina tiketi. Mazoezi, ama yamefunguliwa bure au yamefungwa. Mtu akikuuzia nafasi ya kutazama mazoezi, amekuuzia hewa. Sentensi hiyo ningeisikia siku tatu kabla, ningekuwa tajiri.

Nilijaribu mlango wa mwisho. Nikamwambia baba yangu alikuwa sajenti Nsambya, na mimi mwenyewe nimekulia kwenye nyumba zile za safu ya chini. Uso ukalegea. Akaniuliza habari za mtu mmoja tuliyemjua sote, marehemu sasa. Tukazungumza dakika mbili kama ndugu. Halafu akasema, "Leo hata mimi mwenyewe siruhusiwi kugeuka kutazama. Kaa na watoto kwenye kivuli pale, basi likipita watapunga mkono."

Basi likapita. Vioo vyeusi, pikipiki ya polisi mbele. Watoto walipiga kelele hadi mishipa ya shingo ikawatoka. Mmoja ananiapia mpaka leo kwamba mkono ulionekana dirishani. Mtoto wa Mama Zuhura, miaka 9, mkononi ana kalamu nene ya wino aliyonunuliwa kwa ajili ya kusainiwa jezi. Alikuwa ameifungua kifuniko mapema ili asichelewe. Basi liliposhuka kona aliirudisha mfukoni bila kifuniko, na tulipofika nyumbani kaptura yake ya sikukuu ilikuwa na doa jeusi la ukubwa wa chapati.

Tukiwa pale kivulini, waandishi wa habari waliingia na kamera zao. Haikupita hata nusu saa wakatoka. Kijana mmoja wa redio alikuja kununua maji kwa mama aliyekuwa karibu nasi, nikamuuliza kulikoni mapema hivi. Akanifungua macho. Ilikuwa siku moja kabla ya mechi. Siku hiyo ndiyo ya mazoezi rasmi kwenye uwanja wa mechi, na utaratibu huwapa waandishi dakika 15 za mwanzo tu. Baada ya hapo nje, kila mtu. Kocha anabaki na watu wake, ndipo anapopanga kona, mipira ya adhabu, na nani ataanza.

Kwa hiyo hata zile kadi zingekuwa za kweli, tungeona watu wakinyoosha misuli kwa robo saa. Katika siku zote za kambi, mimi nilikuwa nimeichagua ile mbaya kupita zote. Niliichagua kwa sababu ndiyo niliyoiona ikitangazwa.

Sitasema mengi kuhusu jioni ile. Nilizunguka nyumba kwa nyumba kurudisha watoto na kueleza. Wazazi wa kambini hawapigi kelele, wanakutazama tu. Baba mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Lakini wewe si mtoto wa hapa?" Hilo liliniuma kuliko hela. Niliahidi kumrudishia kila mzazi 10,000, kwa sababu soda na kikomando vilikuwa vimeliwa kweli. Watoto 13 mara 10,000 ni mageti mawili madogo bila faida.

Usiku huo sikulala vizuri, na ndipo nikaanza kuhesabu ni lini hasa milango ilifungwa. Maana hakuna siku iliyotangazwa kwamba kuanzia leo shabiki asisogee. Ilifungwa kidogokidogo, kila mara kwa sababu ambayo ukiisikia huwezi kuipinga.

Ya kwanza kwetu sisi wa upande huu wa mji ni Julai 11, 2010. Mabomu yalilipuka Kyadondo na kwenye mgahawa wa Kabalagala watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, na zaidi ya watu 70 walikufa. Kabalagala ni mwendo mfupi tu kutoka Nsambya. Simu ziliita hadi alfajiri, watu wakitafutana. Kuanzia hapo ukikusanya watu kwa ajili ya mpira, kuna mkono unapekua mfuko wako. Kabla ya hapo askari wa getini alikuwa mtu wa kuomba. Baada ya hapo akawa mtu mwenye amri mkononi. Siwezi kumlaumu.

Ya pili ni mafanikio, na hii watu huisahau. Baba yangu alikuwa na hadithi za 1978, Cranes walipofika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) Accra wakafungwa na Ghana 2-0. Kisha miaka 38 ikapita hadi Septemba 2016, Farouk Miya alipoifunga Comoros pale Namboole na tukafuzu tena. Siku hiyo mji haukulala. Lakini timu iliyofuzu si ile ya kupanda nayo taksi. Kipa Denis Onyango alikuwa Afrika Kusini, Miya mwenyewe Ubelgiji, Okwi ambaye Watanzania wanamjua kuliko sisi amezunguka nchi ngapi. Wachezaji hawa wakiitwa, wanatua Entebbe siku chache kabla ya mechi, wengine Jumatatu, wengine Jumanne. Kocha anapata mazoezi matatu au manne akiwa na kikosi kamili. Mwaka 2019, kabla ya AFCON ya Misri, kambi yenyewe ilikwenda Abu Dhabi. Shabiki wa Nsambya angefika kwa boda gani?

Kisha corona. Machi 2020 mikusanyiko ikapigwa marufuku, ligi ikakatishwa, na mpira uliporudi ulirudi bila watu. Tulizoea kutazama viti vitupu. Nadhani na timu zilizoea, zikagundua kwamba kazi inafanyika vizuri tu bila sisi pembeni tukimshauri kocha amtoe namba 7. Namboole nayo ikafungwa kwa ukarabati, na ikafika mahali tukawa wenyeji ugenini. Mechi ya nyumbani dhidi ya Tanzania, Machi 2023, ilichezwa Ismailia, Misri. Jirani yetu wa karibu kabisa, tumeenda kupokelea wageni jangwani. Tukafungwa 1-0, na shabiki wetu wa kawaida alikuwa hajaikaribia timu yake kwa muda mrefu.

Na simu. Hii niliielewa baadaye, nitaifikia.

Wala si sisi peke yetu. Shemeji yangu, mgonjwa wa Manchester United, husimulia jinsi watu walivyokuwa wakingoja wachezaji nje ya The Cliff, uwanja wao wa zamani wa mazoezi, kupata saini, hadi timu ilipohamia Carrington mwaka 2000, mbali na barabara na nyuma ya miti. Anasimulia kama aliyekuwapo. Hajawahi kuvuka Entebbe.

Kilichoniokoa ni lile neno la mwisho la yule afande. Wakati tunapanda taksi alisema, "Timu ya taifa ni ya siku chache. Klabu ziko hapa mwaka mzima. Andika barua, mwanangu." Ananizidi miaka 10 labda, lakini "mwanangu" siku ile nilistahili.

Niliandika barua. Ya kwanza ilikuwa aya moja, imejaa mapenzi kwa mpira, na hakuna aliyeijibu. Baadaye nikajua kwa nini. Meneja wa timu hatafuti mapenzi, anatafuta nani atalaumiwa mtoto akigongwa na mpira. Ya pili nikaiandika kwa akili ya mchomeleaji: vipimo kwanza. Majina ya watoto na umri wao, shule zao, jina langu na la watu wazima wawili watakaonisaidia, namba 2 za simu, siku tatu ambazo tunaweza, na kwamba tutaondoka saa watakayotaka. Nikaambatisha barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa wetu, yenye muhuri. Muhuri huo ulinigharimu 5,000 na nusu saa ya kumsikiliza mwenyekiti akieleza jinsi alivyokuwa winga hodari. Usiudharau. Karatasi bila muhuri, hapa kwetu, ni karatasi ya kufungia karanga.

Nilipeleka nakala kwa klabu mbili kwa mkono wangu, asubuhi, siku ya kazi. Usiende siku ya mechi, na usiende siku baada ya timu kufungwa. Klabu moja waliniambia watanipigia, bado nasubiri. Ya pili, ya Ligi Kuu, sitaitaja kwa sababu kesho mtajaa pale na mimi nitafukuzwa, walinikutanisha na meneja wa timu mwenyewe. Ofisa habari ndiye anayejibu haraka kwenye mitandao, lakini uwanja wa mazoezi si wake. Ukitaka kuingia, mtafute meneja wa timu. Alisoma orodha yote, akauliza swali moja tu: "Hawa watu wazima wawili, wanajua kunyamaza?"

Siku 12 baadaye akapiga. Jumanne, saa 2 na nusu asubuhi, mwisho saa 4. Simu zinabaki kwenye gari. Jezi ya timu pinzani hairuhusiwi, hata ya mtoto. Hiyo ya mwisho ilinisaidia kweli, maana mmoja wangu hana nguo nyingine ya michezo isipokuwa ile ya mahasimu wao, na ilibidi aazime.

Safari hii taksi ilitupeleka kwa 30,000 na kuturudisha kwa 30,000, bila kukaa ikitungoja. Maji na chapati 25,000. Jumla 85,000, yote yangu. Sikuthubutu kumwomba mzazi hata mia.

Hakukuwa na basi la vioo vyeusi. Wachezaji walikuja mmoja mmoja, wengine kwa boda, mmoja akila ndizi mbivu. Watoto hawakuwatambua. Nililazimika kuwaambia, huyo ndiye namba 10. Wakanitazama kama nawadanganya, kwa sababu kwenye runinga ni mkubwa.

Nilichotaka waone ni mabao. Walichokiona ni kipa. Alikuwa upande wetu, yeye na kocha wake na mfuko wa mipira, na kwa muda wa dakika 40 walifanya jambo moja: mpira wa chini, kulia kwake, hatua mbili, chini, simama. Tena. Kutoka pale tulipokaa unasikia glavu zikikutana na mpira, ule mlio wa kofi zito, na unasikia pumzi yake akiinuka. Mtoto wa Mama Zuhura alianza kuhesabu kimoyomoyo, nikaona midomo inacheza. Alipofika 60 akaninong'oneza, "Kocha, mbona anadaka ileile?" Nikamwambia anyamaze. Alipofika 83 kipa alikosa mmoja, mpira ukapita chini ya kiwiko, na kocha wake hakusema neno. Aliokota mwingine akaanza upya.

Ndani ya uwanja kocha msaidizi alikuwa akipanga kona. Ghafla alisimamisha kila kitu akaja kwenye reli yetu, nikadhani tumekosea. Aliniuliza kwa Kiganda kama kuna simu yoyote. Nikamwonyesha mikono. Akalainika, akaeleza kwamba msimu uliopita mtazamaji mmoja alirekodi kona zao kwa simu, sekunde chache tu za kujifurahisha, akaziweka mtandaoni. Wapinzani wao Jumamosi walisimama hasa pale ambapo mpira ungeangukia. "Sekunde 20," alisema. "Wiki nzima ya kazi." Basi nikaelewa kwamba wale waliokuwa wakikaa na miguu uwanjani zamani hawakuwa watu wema kuliko wa leo. Walikuwa hawana kamera mfukoni.

Saa 4 kamili meneja alitazama saa yake, nami nikawasimamisha watoto kabla hajasema. Fanya hivyo, tafadhali. Ukiomba dakika 5 za nyongeza siku ya kwanza, hakuna siku ya pili. Wachezaji watatu walikuja wenyewe kwenye reli. Kalamu tulikuwa nayo, mpya, kifuniko nimekifunga kwa uzi. Kipa alipofika, mtoto wa Mama Zuhura hakumpa jezi asaini. Alimwambia, "Umekosa mmoja." Nilitamani ardhi inimeze. Kipa akamtazama.

"Wa ngapi?"

"Wa 83."

"Nilidhani ni wa 80," akasema, akachukua kalamu.

Watu huniuliza kama nimekata tamaa na Cranes. Hapana. Nafuatilia kurasa za shirikisho siku timu inapoitwa, kwa sababu yakitokea mazoezi ya wazi yatatangazwa hapo, na nikiyaona nitawapeleka. Lakini siku ya kabla ya mechi sitaikaribia, na mtu mwenye jaketi akikaa kwenye benchi langu namuuliza kwanza anataka mlango wa futi ngapi. Kwa wale wenye watoto wadogo sana: chini ya miaka 8 saa moja na nusu ya koni na pasi fupi ni ndefu mno, mmoja wangu alilala. Beba kofia, maana upande wa watazamaji aghalabu hauna kivuli. Na choo ulizia ukifika, usingoje hadi mtoto aanze kucheza ngoma.

Siku hizi jioni kwenye vumbi letu kuna koni. Wamekata madumu ya zamani ya mafuta ya kupikia, wameyapanga wao wenyewe, na mtoto wa Mama Zuhura anadaka upande wa kulia tu mpaka namfukuza aende nyumbani.

Deni la wazazi limebaki kwa watu watatu. Wawili wamenisamehe, mmoja hajanisamehe na ana haki, nitampa 10,000 yake Jumamosi nikilipwa geti la Kibuye. Mama Zuhura alikataa kuchukua hela. Alitaka kaptura. Nilimnunulia, soko la Owino, 7,000, na amesema rangi si ileile.